Ahadi ya Upande Mmoja: Kisa cha Waajiri wa Marekani na Masomo Magumu ya Sekondari

Kipindi huwa kimoja tu, na mgeni anayesimama mbele ya darasa si mwalimu wala mkaguzi wa shule. Ni meneja wa kiwanda, ofisa wa benki, muuguzi au fundi mkuu ambaye mwajiri wake amemruhusu aache kazi kwa muda aje kuzungumza na watoto wa darasa la 8, wenye umri wa miaka 13 au 14. Mara nyingi huanza na hesabu ya maisha. Huwaambia waandike mtu anayejitegemea hutumia kiasi gani kwa mwezi: kodi ya nyumba, mafuta ya gari, bima, chakula, simu. Kisha huwaonyesha mishahara ya aliyeacha shule, ya aliyemaliza sekondari, ya aliyesoma chuo miaka miwili na ya aliyesoma minne, akawaacha wafanye utoaji wenyewe. Mshahara uliodhaniwa kuwa mkubwa huonekana hauufikishi mwezi mwisho. Ndipo mgeni anapoonyesha orodha nyingine, ya masomo ya miaka minne ijayo, na kuwaomba wachague yale ambayo wengi waliowatangulia waliyakwepa.

Tukio hilo dogo ndilo kiini cha mpango ulioanzia Longview, mji wa mashariki mwa Texas, ukaenea jimboni kwa jina la Texas Scholars, na kuanzia mwaka 2002 ukafadhiliwa na serikali ya shirikisho ya Marekani kuwa mpango wa majimbo mengi ulioitwa State Scholars Initiative. Nimeuchagua kwa sababu ni mfano ulio wazi wa ubia kati ya shule na wafanyabiashara wenye lengo la kitaaluma na si jingine: haukuwa wa kununua jezi wala kupaka madarasa rangi, bali wa kumshawishi mwanafunzi wa kawaida asome masomo mazito. Hoja yangu ni kwamba mpango huu ulipaona kwa usahihi mahali ambapo mwanafunzi hupotea njia, ukamfuata palepale, lakini ukamdai ahadi ambayo watu wazima waliomzunguka, wa shule na wa kampuni, hawakujifunga kuitimiza kwa upande wao.

Mlango ulioachwa wazi

Msomaji aliyezoea mtaala mmoja na mtihani mmoja wa taifa anahitaji kwanza kuuelewa mfumo wenyewe. Sekondari ya juu ya Marekani ni ya miaka minne, kuanzia darasa la 9 hadi la 12, na haina mtihani wa taifa wa kumaliza. Kila jimbo huweka masharti yake ya diploma, yaani cheti cha kumaliza sekondari, na ndani ya masharti hayo mwanafunzi, mzazi na mshauri wa shule hupanga ratiba mwaka hadi mwaka. Masharti yakiwa mepesi, ratiba nayo huwa nyepesi. Tume iliyoundwa na Waziri wa Elimu, Terrel Bell, ilitoa ripoti yake Aprili 1983 ikaonyesha wepesi huo ulikuwa umefika wapi: majimbo 35 yalidai mwaka mmoja tu wa hisabati, na majimbo 36 yalidai mwaka mmoja tu wa sayansi. Aljebra ya ngazi ya kati ilifundishwa, lakini ni asilimia 31 tu ya wahitimu walioimaliza. Kalkulasi ilipatikana katika shule zenye karibu asilimia 60 ya wanafunzi wote, na walioimaliza walikuwa asilimia 6. Tume iliufananisha mtaala huo na mkahawa ambamo ni rahisi kudhani kwamba vionjo na vitamu ndivyo mlo wenyewe, ikapendekeza kila mhitimu asome Kiingereza miaka 4, hisabati miaka 3, sayansi miaka 3, sayansi ya jamii miaka 3 na kompyuta nusu mwaka, na wanaoelekea chuo waongeze miaka 2 ya lugha ya kigeni.

Hisabati ndiyo huamua mapema kuliko somo lolote, kwa sababu hupandwa kama ngazi. Mwanafunzi anayeanza darasa la 9 kwa Aljebra ya Kwanza hufanya Jiometri darasa la 10 na Aljebra ya Pili darasa la 11, akabakiwa na mwaka mzima wa trigonometria au utangulizi wa kalkulasi. Mwenzake aliyeandikishwa hisabati ya jumla, yaani kurudia asilimia, sehemu na vipimo alivyokwisha kufundishwa, ataifikia Aljebra ya Pili mwaka wa mwisho iwapo atakazana, na hatakuwa tena na muda wa kupanda zaidi. Kemia nayo huitegemea aljebra, na fizikia huitegemea zaidi. Mwanafunzi huyu wa pili hajafeli chochote. Ripoti yake inaweza kujaa A na B, walimu wakamsifu, na mzazi akaona mtoto anaendelea vizuri. Anapofika chuo cha miaka miwili na kupewa jaribio la kupangiwa darasa, ndipo anapoambiwa aanze kwa kurudia hisabati ya sekondari, kwa ada yake mwenyewe, bila saa hizo kuhesabiwa katika shahada. Wengi huishia hapo. Kosa lilitendeka miaka mingi nyuma, katika fomu ya kuchagua masomo iliyojazwa alipokuwa darasa la 8, pengine ikasainiwa nyumbani na mtu aliyechoka ambaye hakuambiwa kwamba neno moja kwenye mstari wa hisabati lina uzito wa namna hiyo.

Ushahidi ulioipa hoja hii nguvu nchini humo ulitolewa mwaka 1999 na Clifford Adelman, mtafiti wa Wizara ya Elimu. Alizifuatilia kumbukumbu za masomo za kundi la kitaifa la wanafunzi waliokuwa darasa la 10 mwaka 1980 hadi walipokaribia umri wa miaka 30. Alikuta kwamba uzito wa masomo ya sekondari uliashiria nani atamaliza shahada ya kwanza kuliko alama za mitihani au nafasi ya mwanafunzi miongoni mwa wenzake, na kwamba kumaliza somo la hisabati lililo juu ya Aljebra ya Pili kulikwenda pamoja na uwezekano wa kumaliza shahada uliozidi maradufu kwa wale walioingia chuo. Uhusiano huo ulikuwa na nguvu zaidi kwa Wamarekani Weusi na Walatino. Ni kweli kwamba anayechagua trigonometria huenda tayari ana bidii au wazazi wenye taarifa, na takwimu za namna hii haziwezi kututenganishia kabisa bidii na somo. Hata hivyo, kati ya mambo yote yanayoashiria hatima ya mwanafunzi, hili ni mojawapo ya machache ambayo shule inaweza kulibadilisha. Kipato cha mzazi haiwezi kukibadilisha, ratiba inaweza.

Walichofanya Longview

Longview ni mji uliokuzwa na mafuta ya petroli na viwanda, kikiwemo kiwanda kikubwa cha kemikali. Wafanyabiashara wake waliona vijana wenye diploma wakija kuomba kazi bila kuwa tayari kwa kazi yenyewe, wala kwa chuo. Badala ya kuishia kulalamika kwenye mikutano yao, walikubaliana na shule juu ya orodha moja ya masomo, wakaenda wenyewe madarasani kuieleza. Mpango ulipokuja kupanuliwa nchini kote, orodha hiyo ilisimama hivi: Kiingereza miaka 4; hisabati miaka 3, nayo ni Aljebra ya Kwanza, Jiometri na Aljebra ya Pili; sayansi ya maabara miaka 3, nayo ni baiolojia, kemia na fizikia; sayansi ya jamii miaka 3 na nusu; na miaka 2 ya lugha moja isiyo Kiingereza. Anayeikamilisha hutambuliwa hadharani wakati wa kuhitimu, kwa cheti, medali au alama kwenye diploma yake, na mara nyingi wafanyabiashara walewale huwa wamekaa mbele wakimpigia makofi.

Ninaona busara tatu katika mpango huo. Ya kwanza ni wakati: darasa la 8 ni kabla ya fomu kujazwa, si baada. Ya pili ni aliyelengwa, kwa maana wanafunzi bora hawakuhitaji kushawishiwa, na walio katika hali ngumu kabisa walikuwa na mipango yao mingine. Mpango huu ulimtafuta yule wa katikati, ambaye hasumbui, hafeli, na kwa sababu hiyo hakuna mtu anayempangia kikao. Ya tatu ni msemaji. Mtoto huyu amesikia kwa miaka minane kwamba asome kwa bidii, tena kutoka kwa watu ambao kazi yao ni kusema hivyo. Fundi mkuu anapomwambia kwamba kwenye bomba lenye shinikizo hatabahatisha namba, na kwamba mwaka jana alimkataa mwombaji mmoja kwa sababu hiyo, maneno yanakuwa na mwenyewe. Gharama nayo ilikuwa ndogo mno: saa chache za watu wa kujitolea, karatasi, na medali.

George W. Bush alikuwa gavana wa Texas kuanzia 1995 hadi 2000, na haikuwa ajabu kwamba alipokuwa rais mpango huu ulimfuata Washington. Mwaka 2002 serikali yake iliupatia fedha, ukasimamiwa kwanza na kituo kilichokuwa Austin, kisha kuanzia 2005 na tume ya elimu ya juu ya majimbo ya magharibi, WICHE, yenye makao yake Boulder, Colorado. Kila jimbo lililokubaliwa lingeweza kupata hadi dola 300,000 kwa miaka miwili, kwa sharti kwamba ubia uongozwe na chombo cha wafanyabiashara na uanzie katika wilaya za shule zisizopungua nne. Majimbo zaidi ya 20 yaliingia. Huko Maryland, kwa mfano, kazi hiyo ilibebwa na umoja wa waajiri uliokuwa tayari na utaratibu wa kupeleka wasemaji shuleni, na nafikiri hilo ni muhimu kuliko fedha, kwa kuwa mahali palipokosa chombo cha namna hiyo ruzuku ya miaka miwili ilitumika kujenga ofisi ambayo haikuwa na wa kuirithi.

Kilichosukuma zaidi ya hotuba

Swali la haki ni kama hotuba ya kipindi kimoja hubadilisha ratiba ya miaka minne. Jibu si rahisi kulitoa, kwa sababu katika miaka hiyohiyo majimbo yalikuwa yakibadilisha sheria. Indiana, mojawapo ya majimbo ya kwanza kuingia katika mpango wa shirikisho, ilikuwa na orodha yake ya masomo, iliyoitwa Core 40, tangu mwaka 1994, iliyotengenezwa kwa kushirikisha wafanyabiashara. Kwa zaidi ya miaka kumi orodha hiyo ilikuwa ya hiari. Kisha jimbo likageuza utaratibu: kuanzia wanafunzi walioingia darasa la 9 mwaka 2007, Core 40 ikawa mkondo ambao kila mmoja aliwekwa, na asiyeitaka ndiye aliyetakiwa kujitoa, kwa kikao cha mzazi na shule. Texas ilifanya geuzo kama hilo kwa walioingia mwaka 2004.

Katika mazingira ya mwanzo mtoto asiyefanya lolote huangukia kwenye mkondo mwepesi. Baada ya geuzo, mtoto asiyefanya lolote huangukia kwenye mkondo mzito. Wanaotetea ubia wa hiari husema kwamba sheria huondoa moyo wa kuchagua. Ninauheshimu wasiwasi huo, lakini sikubaliani nao, kwa sababu moyo wa kuchagua haugawanywi sawasawa. Mtoto wa mhandisi huchagua akiwa na mhandisi mezani. Mtoto ambaye nyumbani kwao hakuna aliyewahi kusoma kemia huchagua peke yake. Mahali ambapo sheria iligeuzwa, mgeni wa darasa la 8 hakuwa tena na kazi ya kuomba. Kazi yake ikawa kueleza kwa nini inafaa kubaki, na hiyo ni kazi inayolingana na uwezo wa kipindi kimoja.

Majina ya masomo na masomo yenyewe

Hapa ndipo ninapoona pengo la kwanza. Orodha huhesabu majina ya masomo. Uchunguzi wa kitaifa wa kumbukumbu za wahitimu ulionyesha kwamba mhitimu wa mwaka 1990 alikuwa na wastani wa vipimo vya masomo 23.6, kipimo kimoja kikiwa somo la mwaka mzima, na wa mwaka 2005 alikuwa na 26.8, wastani wa alama nao ulipanda kutoka 2.68 hadi 2.98, alama ya juu kabisa ikiwa 4. Kwa hesabu hiyo nchi ilikuwa imesonga mbele sana. Lakini katika upimaji wa taifa wa kusoma, wanafunzi wa darasa la 12 wa mwaka 2005 walikuwa chini ya wale wa mwaka 1992. Baadaye, watafiti wa takwimu za elimu waliofungua vitabu vilivyotumika kuwafundisha wahitimu hao wa 2005 walikuta kwamba katika madarasa ya Aljebra ya Kwanza yaliyoitwa ya wanafunzi bora, karibu robo tatu ya wahitimu walifundishwa mambo ya kiwango cha kati tu. Jina kwenye cheti lilikuwa zito, na kilichofundishwa hakikuwa hivyo.

Chicago ilikuwa imeonja jambo hilo kwa njia kali zaidi. Mwaka 1997 mamlaka ya shule za mji huo ilifuta masomo mepesi ya wanafunzi waliobaki nyuma, ikaagiza kila anayeingia darasa la 9 asome aljebra. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Chicago walipotathmini miaka kadhaa baadaye, walikuta kwamba kweli wanafunzi wengi zaidi walipata aljebra, lakini waliofeli waliongezeka, na alama za mtihani hazikupanda. Hoja ya kuwapa wote masomo mazito haivunjwi na matokeo hayo, kwa maoni yangu. Kilichobainika ni kwamba walimu walewale, wakiwa na madarasa yenye viwango vilivyochanganyika kuliko walivyozoea na bila muda wa ziada wala mafunzo, waliachiwa agizo peke yake.

Pengo hilo lina upande mchungu zaidi, nao ni wa shule zisizo na somo kabisa. Takwimu za ofisi ya haki za kiraia ya Wizara ya Elimu zilizotolewa Machi 2014, zikihusu mwaka wa masomo 2011–12, zilionyesha kwamba ni nusu tu ya sekondari za nchi zilizofundisha kalkulasi, na asilimia 63 tu zilizofundisha fizikia. Katika sekondari zenye sehemu kubwa zaidi ya wanafunzi Weusi na Walatino, robo hazikuwa na Aljebra ya Pili, na theluthi hazikuwa na kemia. Fikiria mgeni wetu akiwa amesimama mbele ya darasa la 8 litakalohamia katika shule ya namna hiyo. Anachowaomba hakipo. Mtoto anaweza kuitikia kwa moyo wote, akaiandika ahadi, na mwaka wa tatu akaambiwa kwamba mwalimu wa kemia hakupatikana. Mpango ulitaka ubia uongozwe na wafanyabiashara. Ungekuwa na nguvu zaidi kama ungewataka pia wahakikishe, kabla ya hotuba ya kwanza, kwamba kila somo lililo kwenye orodha lina mwalimu aliyelisomea. Kiwanda cha kemikali kina wanakemia. Kampuni inayoweza kumtoa mtu kwa kipindi kimoja inaweza pia kusimama mbele ya bodi ya shule na kudai mwalimu aajiriwe kwa mshahara unaomvuta.

Ofisi ya kuajiri

Pengo la pili liko ndani ya kampuni zenyewe, nalo halihitaji bajeti ya mtu yeyote mwingine. Kuanzia miaka ya 1980 mchumi John Bishop wa Chuo Kikuu cha Cornell alikuwa akieleza kwa nini vijana wa sekondari wasiokusudia kwenda vyuo vinavyochuja waombaji hawakuwa na sababu ya karibu ya kujitesa na masomo magumu: waajiri wao wa kwanza hawakuuliza walisoma nini. Waliangalia umri, uzoefu, mwonekano kwenye usaili, na kama diploma ipo. Aliyesoma fizikia na aliyesoma hisabati ya jumla walipewa kazi moja kwa mshahara mmoja, na tofauti yao ilikuja kuonekana baada ya miaka, kijana akiwa amekwisha kusahau uamuzi wenyewe.

Mwajiri aliyetaka kujua naye alikwama. Bishop alieleza kwamba mwaka 1982 kampuni ya bima ya Nationwide ya Columbus, Ohio, ilizipelekea sekondari maombi zaidi ya 1,200, yote yamesainiwa na waombaji kazi wenyewe, ikiomba kumbukumbu za masomo yao. Yalijibiwa 93. Nimeirudia namba hiyo mara nyingi nikijaribu kuwafikiria vijana wale zaidi ya elfu moja waliotia saini. Baadhi yao bila shaka walikuwa wamejibidisha miaka minne, na siku ambayo bidii hiyo ilihitajika kuonekana, karatasi yake ilibaki kwenye kabati la shule.

Jambo hili lilijulikana na lilizungumzwa katika ngazi ya juu kabisa. Machi 1996 magavana na wakuu wa makampuni makubwa walikutana Palisades, New York, katika kituo cha mikutano cha IBM, na miongoni mwa ahadi za wafanyabiashara ilikuwamo ya kuanza kudai kumbukumbu za masomo wanapoajiri. Ahadi ni deni. Kama kila kampuni iliyopeleka msemaji darasani ingebandika mlangoni mwa ofisi yake ya kuajiri tangazo la mistari miwili, kwamba mwombaji alete kumbukumbu zake na kwamba aliyemaliza orodha ile atafikiriwa kwanza, msemaji asingehitaji maneno mengi. Kaka na dada wa wanafunzi wangerudi nyumbani na habari yenyewe. Lakini orodha ya masharti ya mpango ilijaa mambo ya mwanafunzi na ya wilaya ya shule. Upande wa mwajiri ulitakiwa kuzungumza, kupongeza na kukusanya takwimu.

Serikali ndiyo iliyojaribu kulipa kwa fedha. Kwa sheria iliyosainiwa Februari 2006, mwanafunzi wa familia ya kipato cha chini aliyemaliza mkondo mzito wa sekondari, na orodha ya State Scholars ilikuwa mojawapo ya njia zilizokubaliwa, aliweza kupata ruzuku ya hadi dola 750 mwaka wa kwanza wa chuo na hadi dola 1,300 mwaka wa pili. Wazo lilikuwa jema, kwa kuwa mkono mtupu haulambwi. Hata hivyo walioipata mwaka wa kwanza walikuwa pungufu ya waliotarajiwa, masharti yakiwa mengi na vyuo vikilazimika kuchambua kumbukumbu za sekondari moja moja, na ruzuku ikafikia kikomo chake mwaka wa masomo 2010–11. Fedha za shirikisho za mpango wenyewe zilikuwa zimekwisha kabla ya hapo.

Texas, mwaka 2013

Mwaka 2006 bunge la Texas liliongeza uzito zaidi, likataka mwanafunzi wa mkondo wa kawaida asome miaka minne ya Kiingereza, ya hisabati, ya sayansi na ya sayansi ya jamii. Miaka saba baadaye lilirudi nyuma. Sheria iliyoitwa HB 5, iliyosainiwa na Gavana Rick Perry Juni 2013, ilipunguza mitihani ya mwisho wa somo kutoka 15 hadi 5, ikaondoa Aljebra ya Pili katika masharti ya wote, na kuwataka wanafunzi wachague mikondo ya taaluma wanapoingia darasa la 9.

Walioipigania sheria hiyo hawakuwa wazazi waliochoshwa na mitihani peke yao. Walikuwamo waajiri. Vyama vya biashara vya ujenzi, kemikali na viwanda vilijiunga kusema kwamba jimbo lilikuwa likimsukuma kila kijana kwenye njia ya chuo kikuu huku wao wakikosa waunganishaji vyuma na waendesha mitambo. Upande wa pili ulisimama umoja mkuu wa wafanyabiashara wa Texas, ukionya kwamba kupunguza masharti kungewaumiza hasa wanafunzi maskini. Hoja ya kwanza ilikuwa na ukweli wake, kwa kuwa kazi ya kuunganisha vyuma ni kazi ya heshima na yenye kipato, na shule zilizoipuuza zilikosea. Lakini mtoto wa miaka ya 1990 aliyeambiwa na mtu wa kiwandani kwamba kiwanda kinahitaji Aljebra ya Pili, na mdogo wake aliyesikia sekta ileile ikiliambia bunge kwamba haihitaji, wangekuwa na haki ya kuuliza ni lini walikuwa wakiambiwa jambo lenye uhakika. Kama kampuni zingekuwa zimeandika mahitaji yao kwenye masharti ya kuajiri tangu mwanzo, kazi kwa kazi, mgongano huo ungejulikana miaka ishirini kabla, na shule zingepata kujua ni hisabati gani hasa inayotakiwa kwa mwendesha mitambo na ipi kwa mhandisi.

Sheria haikuifuta Aljebra ya Pili moja kwa moja. Iliibakiza katika ngazi ya juu ya diploma, na ngazi hiyo ndiyo inayomwezesha mwanafunzi aliye katika asilimia 10 ya juu ya shule yake kunufaika na sheria ya mwaka 1997 ya kupokewa moja kwa moja katika vyuo vikuu vingi vya umma vya jimbo. Kwa hiyo msichana anayeongoza darasa lake katika mji mdogo wa mashariki mwa Texas, asipoandikishwa mkondo unaoishia kwenye somo hilo, anaweza kumaliza miaka minne kwa alama za juu na kuikosa nafasi ambayo alama hizo zingempa. Anaanza kuchagua mkondo akiwa na miaka 14, kwa fomu, mwishoni mwa darasa la 8.